Mtungi wa Wageni

Nyumbani kwa mama mkwe wangu kulikuwa na mitungi miwili. Mmoja ulikaa nyuma, karibu na jiko, wazi kwa kila mwenye kiu, na maji yake tulichota mtoni, pale mto unapoingia ziwani. Wa pili ulikaa sebuleni, kwenye kona yenye giza, juu ya nyasi tulizotandika upya kila Jumamosi, umefunikwa kwa jani la mgomba na kibuyu cha kunywea kimelazwa juu yake. Huo ulikuwa wa wageni. Maji yake yalitoka chemchemi ya mlimani, juu kabisa, karibu na njia ya kwenda Rubya, na kuyafuata ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyepanda na mimi ndiye niliyeshuka nayo kichwani, na sikuwahi kuyanywa. Mama mkwe naye hakuyanywa. Wiki ikipita bila mgeni, aliyamwaga kwenye migomba, nami nikapanda tena.

Tulikuwa watu wa kijiji kipya. Mume wangu alizaliwa wa mwisho katika nyumba yenye wanaume wengi, na kibanja cha baba yake kilipogawanywa alipata kipande ambacho ukisimama katikati unaona kahawa ya ndugu zake kila upande. Serikali ilipohimiza vijiji vya ujamaa, tukaambiwa kwamba kule bondeni, ufukweni mwa ziwa upande wa Muleba, kuna ardhi kwa kila atakaye kufanya kazi. Tukahama. Mama mkwe, ambaye alikuwa mjane, alikataa kubaki na wanawe wakubwa. Alibeba mitungi yake miwili, mmoja kichwani mwake na mwingine kichwani mwangu, na njia nzima aligeuka kuniambia nitazame ninapokanyaga.

Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Migomba michanga hailishi mtu, kwa hiyo alirudi Bukoba mjini, akapanga chumba Hamugembe, akawa anakuja mwisho wa mwezi na sukari na chumvi na maneno ya haraka haraka. Tukabaki wanawake wawili na binti yangu, mtoto wangu wa kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia.

Tulipofika, huwezi kusema uliuona mdomo wa mto. Mto ulikuja kutoka mlimani ukiwa na vurugu zake, kisha ukaingia kwenye mafunjo na kupotea. Mafunjo yalisimama marefu kuliko mtu, upana wa kutosha kumpoteza ng'ombe, na maji yalipotokea upande wa pili yalikuwa yametulia, yana rangi ya chai hafifu, hayana harufu. Tulichota hapo. Masika ilipoanza, ningu walitoka ziwani wakapanda mto kwa wingi kwenda kutaga, wanaume wakategesha migono, na kijiji kizima kikanuka samaki mpaka kanisani. Nilidhani hayo ni mambo ya siku zote. Sikujua kwamba yale mafunjo yalikuwa yakifanya kazi.

Kisha tukayakata. Kijiji kilihitaji shamba la pamoja, na mwenyekiti wetu, mtu mchapakazi asiyejua kukaa kitako, alikuwa ameahidi wilayani kwamba tutalima mpunga na kabichi. Kila Jumamosi tulishuka na mapanga, tukakata na kuimba. Nilikata kwa nguvu zangu zote kwa sababu niliamini, na hata leo siwacheki walioamini. Mpunga wa kwanza ulikubali. Lakini mvua iliyofuata ilileta udongo wote wa mlimani, mbolea ya ng'ombe na vyoo vya watu wa juu, moja kwa moja mpaka tulipochota. Maji yakawa na rangi ya tofali bichi. Tuliyaacha kwenye mtungi mpaka matope yatulie chini, tukanywa ya juu, tukasema tutazoea.

Ndipo akaja Bwana Chupa. Jina hilo walimpa watoto. Alikuwa kijana wa ofisi ya maji ya Bukoba mjini, mwenye pikipiki na sanduku la mbao lenye chupa zilizofunikwa kwa majani mabichi ya mgomba zisipate joto. Alisema vijiji vingi vimefungua mabonde yao, na yeye ametumwa kupita midomo ya mito, mwezi hata mwezi, kutazama kama maji ni mazima. Ndivyo alivyosema, mazima, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Siku ya kwanza alishuka mwenyewe mpaka tulipochota. Yale matope yaliyoachwa na mafunjo hayakumjua mtu wa ofisi. Aliteleza akazama mpaka kiunoni, chupa ameinua juu, viatu vimebaki chini huko huko. Watoto walicheka mpaka wakakaa. Mama mkwe hakucheka. Alishika kichwa. "Bojo! Mgeni wetu! Mgeni wetu kwenye matope!" Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza ukitoka barabarani, kwa hiyo mgeni alikuwa wake. Alimfulia suruali kwa mikono yake, akamketisha kwenye kiti amejifunga kitenge cha maua, akamchotea maji ya mtungi wa sebuleni. Akaonja kwanza yeye, kama ilivyo kwetu, ili mgeni aone hakuna aliyemwekea kitu, kisha akampa kwa mikono miwili. Yule kijana alikunywa akasema hajawahi kunywa maji matamu hivyo. Mama mkwe aliinamisha uso kwa furaha, na mimi nikamhurumia, kwa sababu katika mwaka mzima sikuwa nimemwona akisifiwa na mtu.

Kuanzia mwezi uliofuata mama mkwe hakumruhusu kushuka. Kijana aliacha sanduku sebuleni, akaomba mtu ajaze chupa pale pale tunapochota maji ya kunywa, kisha akaenda ziwani kwa mtumbwi. Huko alikuwa na sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kamba. Aliishusha majini taratibu akitazama mpaka isionekane, akapima kamba kujua maji yamechafuka kiasi gani. Alichota tope la chini akachambua wadudu kwa kijiti. Aliwauliza wavuvi wameona samaki gani na hawajaona gani. Akirudi, chupa zilikuwa zimejaa, zimepanguswa, zimerudishwa kwenye majani.

Siku moja alikaa kwenye kiti chake akiwa amechoka, mwenyekiti yuko kando yake, akasema jambo ambalo sikulisahau.

"Mwenyekiti, nashindwa kuwaelewa ninyi watu. Sahani yangu inapotea upesi kila nikija. Ningu hawapandi tena. Kwenye tope nimekuta wale minyoo wekundu wanaopenda uchafu. Lakini chupa zenu nikizipima mjini ni safi kabisa."

"Basi maji ni safi," mwenyekiti alisema.

"Sijui. Labda mto unajitibu."

"Unajitibu," mwenyekiti alisema, na nikaona ameshika neno hilo kama mtu aliyeshika mkia wa kuku. Haukupita muda akatangaza mkutanoni kwamba wataalamu wamethibitisha. Yale mafunjo machache yaliyobaki kati ya shamba na mahali petu pa kuchotea yatakatwa Jumamosi ya kwanza baada ya mgeni kuja mara mbili zaidi, shamba liongezwe. Na ombi tulilokuwa tumepeleka wilayani, la mabomba ya kuteremsha maji ya chemchemi, lilikuwa limejibiwa: mabomba ni machache, yanakwenda kwenye vijiji vyenye maji mabaya. Sisi yetu ni mazuri.

Nilisikiliza hayo nimembeba binti yangu mgongoni, na alikuwa mwepesi kuliko miezi miwili nyuma. Alikuwa anaharisha, anapona, anaharisha tena. Nilikwenda naye Rubya hospitalini kwa miguu. Muuguzi aliniuliza maji gani anakunywa, akaniambia nichemshe. Nilichemsha. Lakini kuni zilikuwa za shida bondeni, na mama mkwe alisema maji yaliyochemshwa yamekufa, yananuka moshi, na mtoto akipita jikoni alichovya mkono kwenye mtungi wa nyuma akalamba. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wamezika mtoto wa umri wake. Usiku wa matanga nilimshika wangu nikihisi mbavu zake, nikashikwa na hofu ambayo haijapata kunishika tena, hata uzeeni huu.

Nilimwomba mama mkwe. Nilipiga magoti nikasema, "Mae, naomba mtoto awe anakunywa ya mtungi wa sebuleni."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mgeni akija tutampa nini?"

"Nitapanda mlimani mara mbili."

"Na shamba la kijiji utalima saa ngapi? Mwanangu, sisi ni watu wa nyumbani. Tunakunywa cha nyumbani." Alisema kwa upole. Hakuwa mchoyo, naomba mnielewe. Yeye mwenyewe tumbo lilimuuma kila wiki, na alikwenda kulala bila kunung'unika, hatua chache tu kutoka kwenye maji yale.

Mwezi huo Bwana Chupa alipokuja nilikuwa shambani. Mtoto alianza tena, nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani mapema. Nilipita mlango wa mbele. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa kwenye kona, mtungi wa wageni umefunuliwa, na alikuwa anajaza zile chupa. Alichota kwa kibuyu, akamimina polepole yasimwagike hata kidogo, akapangusa mdomo wa chupa kwa jani laini. Ulimi wake ulikuwa umetoka kidogo kama wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Sijui kama niliwahi kuona mtu akifanya kazi kwa heshima namna ile.

"Mae," nilisema, "hayo ni ya wageni."

"Na haya yanakwenda kwa nani?" alijibu bila kugeuka.

"Lakini alitaka ya mtoni."

"Najua alichotaka. Alikuja hapa akaanguka kwenye matope yetu, na bado unataka abebe matope yetu mpaka mjini, wakubwa zake wakae mezani wayatazame? Ukipeleka mkungu kwa watu, unachagua uliooza?" Akafunga chupa ya mwisho. "Hata wewe mama yako hakukufundisha hivyo."

 Miezi yote ile! Mimi ndiye niliyekuwa nikiyateremsha maji hayo kichwani, yanapanda pikipiki kwenda Bukoba, yanarudi yakiwa neno la mwenyekiti, na neno la mwenyekiti linakata mafunjo na kunyima mabomba, na mtoto wangu yuko mgongoni anazidi kwisha. Hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumpigia kelele.

Mume wangu alipokuja nilimweleza. Alikuna kidevu. "Mambo ya mama na wageni wake usiyaingilie," alisema. "Utamwaibisha." Nikamwuliza kati ya aibu na kaburi anachagua kipi. Akaondoka asubuhi na basi la kwanza.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikumfuata tu Bwana Chupa barabarani nikamnong'oneza. Nilifikiria hilo. Lakini mke wa mtu hamfuati kijana wa mjini barabarani, na hata ningemfuata, ningekuwa nimesema mama mkwe wangu ni mwongo, naye si mwongo. Nilitaka aone mwenyewe. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na akili siku hiyo.

Basi alipokuja tena, mwenyekiti alikuwapo, maana Jumamosi ya kukata mafunjo ilikuwa kesho yake. Chupa zilikuwa zimekwisha jazwa. Bwana Chupa alirudi kutoka ziwani jua limemchoma, akakaa kwenye kiti. Mama mkwe akanipa ishara ya kichwa, nimletee mgeni maji. Nilichukua kibuyu cha sebuleni. Nikapita nacho mlango wa nyuma, nikachota kwenye mtungi wa jikoni, bila kungoja matope yatulie. Nikarudi, nikapiga magoti, nikampa mama mkwe kwa mikono miwili, kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba huonja kwanza.

Aliweka mdomoni. Nikamwona anaganda pale pale alipoketi, macho yamesimama. Ladha ile aliijua, aliinywa kila siku ya maisha yake ya kijijini. Alinitazama. Mgeni alikuwa amekwisha nyoosha mikono. Mwenyekiti alikuwa anatabasamu. Mama mkwe angeweza kutoa kibuyu na hakuna ambaye angesema neno. Badala yake aliinuka, akaenda mlangoni, akayamwaga nje.

"Hayamfai mgeni," alisema.

"Ndiyo anayokunywa mtoto wangu, Mae," nilisema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga, na mtoto mgongoni akaanza kulia.

 Bwana Chupa alitazama matope yaliyobaki kwenye kizingiti. Akatazama sanduku lake. Alikuwa kijana mpole, na aliuliza kwa adabu zote. "Mama, na haya ya kwenye chupa yametoka wapi?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwetu. "Nilikupa mazuri," alisema. "Wewe ni mgeni wangu. Ulitaka nikupe mabaya?"

Kijana alifungua sanduku. Alizimwaga chupa zote kwenye migomba, akavua viatu, akakunja suruali, akatoa chupa nyingine zilizobaki chini ya sanduku. Nilitangulia kumwonyesha njia. Mwenyekiti alitufuata mpaka ukingoni, akasimama akitazama yale maji na yale mafunjo ya mwisho kwa muda mrefu, kisha akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba kesho watu wapalilie mpunga kwanza.

Majibu yalipokuja yalikuwa mabaya kuliko tulivyodhani, na kijana aliyasoma mbele ya mkutano bila kumtaja mtu. Mafunjo hayakukatwa. Ukingo wote wa shamba uliachwa wazi, nayo yakarudi yenyewe, maana mafunjo ukiyaacha hayahitaji kubembelezwa. Mabomba yalichelewa kama yalivyochelewa mambo mengi miaka ile, lakini yalikuja, na mfereji tuliuchimba sisi kutoka chemchemi mpaka kijijini. Bwana Chupa aliendelea kuja na sahani yake. Masika fulani mvuvi alimletea ningu mmoja mwenye mayai tumboni, naye akamshika kwa mikono miwili. Binti yangu alipona. Ni mama wa watu sasa, na mnene kuliko mimi.

Lakini mama mkwe wangu nilimpoteza siku ile. Hakunigombeza. Hakumwambia mtoto wake anifukuze. Alichofanya ni hiki: jioni ile ile, nilipotoka jikoni nikiwa na kiu, alinikuta, akaniambia nikae. Kwenye kiti. Akafunua mtungi wa sebuleni, akachota, akaonja yeye kwanza, akanipa kwa mikono miwili. Na mtoto vivyo hivyo. Na kesho yake vivyo hivyo. Nikinyoosha mkono nichote mwenyewe, alinizuia kwa upole, akachota, akaonja. Mbele ya majirani, mbele ya mume wangu, hata bomba lilipofika na mitungi yote miwili ikawa na maji yale yale ya chemchemi, bado aliniketisha na kunionjea. Mwanangu alipata maji safi. Mimi nikawa mgeni katika nyumba niliyoolewa. Niliomba msamaha mara nyingi, na kila mara alijibu, "Hujakosa kitu, waitu. Karibu." Mnajua jinsi neno karibu linavyouma mtu akikuambia kila siku nyumbani kwako? Nililia sana kwa sababu ya neno hilo. Nisingefanya tofauti, lakini nililia.

Miaka ikapita hivyo. Alipougua mara ya mwisho tulimlaza Rubya. Mimi ndiye niliyekaa naye, wake wa wanawe wengine walikuwa mbali. Chemchemi haiko mbali na pale, na kila mchana nilikwenda na kidumu, nikachota kwa mkono wangu, nikarudi nayo yakiwa bado baridi.

Alasiri moja alifungua macho akasema ana kiu. Nilimimina kikombeni. Nikakumbuka adabu, na sikutaka kumkosea tena hata kwa hilo, kwa hiyo nilikiinua mdomoni mwangu nionje kwanza.

Alinishika kifundo cha mkono. Hakuwa na nguvu, lakini alinishika.

"Unaonja nini?" alisema. "Kwani hapa mgeni ni nani?"

Nilimpa kikombe bila kukionja. Alikunywa yote, kisha akanirudishia kikombe, akaniambia nami ninywe.